Usiifute Alama ya Biti

Kazi ya kwanza ambayo karakana nyingi za samani huipa mashine mpya ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, ni kuchonga ua. Faili la ua hupatikana bure kwenye intaneti, limechorwa na mtu asiyejulikana, nalo hupachikwa kwenye mlango wa kabati au kichwa cha kitanda. Biti nyembamba kuliko zote hufungwa, mota huwashwa, na fundi hukaa kusubiri. Husubiri sana. Likitoka, ua lenyewe limelegea: petali zimeviringika kama sabuni iliyolala kwenye maji, pembe za ndani zimejaa, na mistari iliyotakiwa kuwa mikali imefifia. Mteja wa kwanza hulipenda kwa sababu hajaliona kwingine. Wa tano ameshaliona, kwa jirani. Makala haya yanamshauri mwenye mashine ageuze njia: badala ya kuilazimisha biti iige patasi na kisha kufuta kila alama inayoacha, aanze na alama hiyo, aikuze, aipange, iwe ndiyo nakshi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo pesa hupotelea. Chukua kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30. Ukitaka kukichonga ua la kuinuka kwa biti ya ncha ya duara yenye kipenyo cha milimita 1.5, huku kila mstari ukisogea kutoka kwa mwenzake kwa sehemu moja ya kumi ya kipenyo hicho, yaani milimita 0.15, biti italazimika kupita mara 2,000. Kila mpito una sentimita 30, kwa hiyo jumla ni mita 600. Kwa mwendo wa mita 2 kwa dakika hizo ni saa 5 za kukata, bila kuhesabu kugeuka mwisho wa kila mstari wala ukataji wa awali wa kupunguza mbao ya ziada. Ubao huohuo ukipitiwa na biti ya duara ya milimita 6, mistari ikiachana kwa milimita 3, mapito ni 100, safari ni mita 30, muda ni robo saa. Uso unaotoka kwa robo saa hiyo si laini wala haujifanyi laini. Una matuta kama shamba lililolimwa, na kila tuta linapokea mwanga upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili.

Saa 5 zingestahili kama mwisho wake ungekuwa nakshi ya kweli, lakini umbo la biti lenyewe linakataa. Mashine ya kawaida ya karakana husogea pande tatu tu: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Biti husimama wima daima, hivyo haiwezi kuingia chini ya petali na kuichimba kwa ndani ili ijitenge na ubao. Wala pembe ya ndani haiwezi kuwa kali kuliko ncha inayoichonga: biti ya milimita 1.5 huacha mviringo wa milimita 0.75 kila mahali ambapo patasi ingeacha kona. Tazama mlango wowote mzuri wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ule mkufu unaozunguka fremu, samaki wa chini, mawaridi ya kizingiti cha juu. Kinachoyafanya mapambo yale yasimame ni kivuli cheusi kilichokaa kwenye kona ambazo patasi ilizikata kwa mkato mmoja. Mashine inapoiga mlango ule inaleta kila kitu ila kivuli, na kivuli ndicho kilichokuwa kazi. Ajabu ni kwamba mwambao una nakshi nyingine iliyo karibu zaidi na tabia ya biti, ile ya maumbo ya kijiometri yenye mikato isiyo na kina kirefu, iliyopamba milango ya mtindo wa Kibajuni. Biti yenye ncha ya umbo la V ingeielewa lugha ile kwa wepesi. Lakini kwa kuwa faili lake halipatikani bure, hakuna anayehangaika nalo.

Wazo la kuiacha mashine ipambe kwa mkono wake yenyewe lina umri mkubwa. Toa noti yoyote mfukoni uitazame mistari miembamba iliyosukana pembeni na nyuma ya maandishi. Ukoo wa mistari ile ni kereza za pekee za Ulaya, ambazo magurudumu yake yenye mawimbi yaliufanya mhimili ucheze na kalamu ya chuma ichore mawimbi yanayorudiana kwa usahihi ambao mkono hauuwezi. Mwishoni mwa karne ya 18 mtengenezaji saa Breguet aliitumia kazi hiyo kupambia nyuso za saa zake. Baadaye karakana ya vito ya Fabergé nchini Urusi ilichora mawimbi hayo juu ya chuma kisha ikayafunika kwa rangi ya kioo inayopenyeza mwanga. Hakuna aliyezilaumu kereza zile kwa kutochonga kama mkono, kwa sababu hazikuwahi kujaribu. Hata CNC ilizaliwa na matuta. Miaka ya 1940 huko Michigan, Marekani, John Parsons alihitaji violezo vya mabawa ya helikopta. Nukta za umbo la bawa zilikokotolewa kwa mashine za kadi, chuma kikakatwa nukta kwa nukta, na vijituta vilivyobaki kati ya nukta vikasawazishwa kwa tupa. Kwa helikopta, tupa ilikuwa lazima. Mlango wa kabati hauruki.

Sasa tuingie kwenye tuta lenyewe, maana fundi akilielewa hili mengine yote yatamjia. Biti ya ncha ya duara ikipita huacha mfereji wenye umbo la sahani. Ikisogea pembeni na kupita tena huacha mfereji wa pili, na kati ya mifereji miwili hubaki ukingo. Urefu wa ukingo huo hupatikana hivi: zidisha nafasi kati ya mistari kwa nafasi hiyohiyo, kisha gawanya kwa mara nne ya kipenyo cha biti. Kwa biti ya milimita 6 na nafasi ya milimita 3, ni 9 kugawanya kwa 24, karibu milimita 0.4. Nafasi ikiwa milimita 0.6 tu, tuta ni milimita 0.015, jembamba kuliko unywele, na jicho linauona uso kuwa laini. Angalia jambo lililofichika humo: nafasi ikipungua nusu, tuta hubaki robo, ila muda wa kazi huongezeka maradufu. Ndiyo sababu ulaini kwenye mashine hii ni bidhaa ghali, na ukwaruzo ulio na mpango ni bidhaa rahisi. Hakikisha tu biti imeshuka chini ya urefu wa tuta unalolitaka. Kwa mfano huu ishushe milimita 1, la sivyo kati ya mifereji patabaki tambarare ambapo biti haikugusa, na hapo macho yataona kazi iliyokatizwa.

Tuta la milimita 0.4 ni dogo mno kwa mwanga unaotoka mbele na kubwa sana kwa mwanga unaotoka ubavuni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni nakshi gani, uliza ubao utatundikwa wapi. Paneli iliyo kando ya dirisha, mistari yake ikisimama wima, italipuka kwa vivuli asubuhi au jioni. Ukiilaza mistari hiyo ifuate mwanga, paneli ileile itaonekana kama ubao uliosahaulika kupigwa randa. Njia ya kujaribu haina gharama: zima taa za karakana, washa tochi ya simu, iweke usawa wa ubao, uizungushe polepole kuuzunguka. Upande ambao matuta yanasimama zaidi ndio upande ambao dirisha linapaswa kuwa. Chumba chenye taa moja ya katikati ya dari kitataka mistari ya kulala, kwa maana mwanga wake unateremka ukutani kutoka juu.

Yote haya hujulikana kwa ubao wa majaribio, na karakana isiyo nao inabahatisha kwa mbao za mteja. Chukua makombo ya mbao zilezile utakazotumia, si ubao wa kiwandani wa MDF ikiwa kazi ni ya mninga, uyagawe kwa viraba vya sentimita 10, na kila kiraba ubadilishe kitu kimoja tu. Safu ya kwanza iwe nafasi: milimita 1, 2, 3, 4. Safu ya pili irudie nafasi iliyokupendeza kwa biti ya milimita 12. Safu ya tatu ibadilishe mwelekeo kwa nyuzi za mbao: kuzifuata, kuzikata, na kupita mshazari wa nyuzi 45. Nyuma ya kila kiraba andika kwa kalamu ya wino biti, nafasi, kina, mwendo na mizunguko ya mota. Wengi huandika kwenye simu, kisha simu hubadilishwa. Ubao huu una kazi ya pili inayozidi ya kwanza: ndio katalogi yako. Mteja anayeona picha ya ua kwenye kioo cha simu atataka ua. Akipewa ubao apapase kwa vidole, ataanza kuuliza bei ya kiraba cha saba.

Mwendo na mizunguko vinahitaji neno moja zaidi, kwa kuwa hapo ndipo uso mzuri huungua. Mota ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, biti ina makali mawili, na mwendo ni milimita 1,800 kwa dakika, kila kali linakata unene wa milimita 0.05. Fundi mwoga hushusha mwendo hadi 600 akidhani anaitunza mashine. Kila kali sasa linapata milimita 0.017, ambayo si kukata tena bali kusugua, na kusugua huleta joto, moshi na mstari mweusi. Biti ya duara ina udhaifu wake zaidi ya huo: katikati kabisa ya ncha hakuna mwendo wa kukata, kwa sababu kitovu cha kitu kinachozunguka hakiendi popote. Ndiyo maana sakafu ya mfereji huweza kung'aa kama iliyopigwa pasi huku kingo zikiwa safi. Biti kubwa yenye kina cha kutosha hulipunguza tatizo hilo, na hii ni sababu nyingine ya kuacha kuabudu biti nyembamba.

Ukishaizoea mistari iliyonyooka, hatua inayofuata ni kuifanya ipumue. Biti ya V ya nyuzi 90 huchora mfereji ambao upana wake ni mara mbili ya kina chake: ikishuka milimita 0.2 mstari una upana wa 0.4, ikishuka 1.4 una 2.8. Basi ukiifanya biti ipande na kushuka kama wimbi wakati inasonga mbele, mstari mmoja utanenepa na kukonda wenyewe, na mistari mingi iliyo sambamba, kila mmoja ukianza wimbi lake mbele kidogo ya mwenzake, itaufanya ubao tambarare uonekane kitambaa kinachopepea. Kwa hili huhitaji programu ya gharama. Maagizo ya mashine ni maandishi matupu, mstari kwa mstari: nenda hapa, kina hiki, mwendo huu. Jedwali la kawaida la kompyuta, lenye safu moja ya umbali na nyingine ya kina kilichokokotolewa kwa saini ya pembe ile ya hesabu za sekondari, linatosha kuyazalisha yote. Weka nafasi ya milimita 3.5 kati ya mistari. Ukiweka 3, pale ambapo mifereji miwili imenenepa patabaki ukuta wa milimita 0.2, ambao mbao laini haziwezi kuushikilia. Paneli ya sentimita 30 itataka mistari 86, karibu mita 26, na kwa mwendo wa mita 1.5 kwa dakika umeimaliza kwa dakika 17 hivi. Sharti lake ni moja gumu: ubao uwe sawa kabisa. Ukiwa umepinda nusu milimita, mstari utabadilika upana kwa milimita nzima, na wimbi litaharibiwa na wimbi ambalo hukulichora. Meza ya mashine isawazishwe kwa biti ya mashine yenyewe kabla ya ubao kufungwa.

Chanzo cha michoro kipo karibu kuliko katalogi za nje. Mkeka umejengwa kwa kanuni moja: mwaa huenda huku, mwaa huenda kule, na jicho linaona rangi mbili hata pale miyaa yote inapokuwa na rangi moja. Gawa ubao kwa viraba vya milimita 30, chonga mistari ya sambamba kwenye kila kimoja, na kila kiraba kigeuzwe robo duara kutoka kwa jirani yake. Kina ni kilekile na biti ni ileile, ila viraba nusu vitang'aa na nusu vitafifia, na mtazamaji akitembea vitabadilishana. Mistari ikifuata nyuzi za mbao kwenye kiraba kimoja itazikata kwenye kinachofuata, na huko itachanika, kwa hiyo ulaze mchoro wote mshazari ili pande zote mbili zipate hali moja. Kofia za kushonwa kwa mkono nazo zina somo: pambo lake ni vishimo. Biti ya duara ya milimita 6 ikishuka wima milimita 0.25 huacha kishimo cha upana wa 2.4, ikishuka 0.5 huacha cha 3.3, ikishuka 1 huacha cha karibu 4.5. Kwa vina hivyo vitatu peke yake unaweza kuandika jina la duka au kuchora mpaka wa kofia, na hakuna mstari hata mmoja unaohitaji kusafishwa.

Mbao zetu hazifanani. Mninga ni rahisi na msamehevu. Mvule una nyuzi zinazogeukana, na ndani yake huweza kujificha vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali bila taarifa. Mtiki una silika inayolisaga kali taratibu, basi tumia biti za kabaidi na usishangae zikichoka. Mpingo, mzito hadi kuzama majini, hushika mchoro mdogo kuliko mbao zote, ila huungua upesi. Mti wake wa nje ni wa rangi ya maziwa na moyo wake mweusi, jambo ambalo biti ya V inaweza kulichezea kwa kufunua rangi moja chini ya nyingine. MDF haina nyuzi, hivyo ni mwalimu mzuri wa hesabu na mwongo kuhusu kila kitu kingine. Mikato yake huota manyoya na kuhitaji kupakwa, kusuguliwa msasa, kupakwa tena. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa vya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, na hata formaldehaidi iliyo kwenye gundi ya MDF imo. Karakana isiyo na kifyonza vumbi na barakoa za kufaa isianze majaribio haya, kwani uso wenye matuta hutengeneza unga mwembamba kuliko kazi ya kukata vipande.

Wapo watakaosema kwamba mteja ataona kazi haijamalizika. Wana hoja, kwa sababu alama ya biti iliyokuja kwa bahati mbaya na ile iliyokusudiwa zina umbo moja. Kinachozitofautisha ni mpaka. Matuta yakifika hadi ukingo wa ubao na kukatika ovyo, ni uzembe. Yakisimama sentimita 2 kabla ya ukingo, ndani ya fremu laini iliyopigwa msasa vizuri, kila mtu ataelewa kwamba yaliwekwa. Yawe na kipimo kimoja pia: nafasi ya 3 iwe 3 kote. Kama mashine yako ina ulegevu kwenye skrubu au mikanda, mistari ya kwenda na ya kurudi haitalingana. Dawa yake ni kukata upande mmoja tu na kurudi ukiwa umeinua biti. Muda utaongezeka, na bado utakuwa mbali na saa 5 za lile ua. Umeme ukikatika katikati, mashine nyingi husahau zilipo, kwa hiyo funga ubao kwenye vizuizi visivyosogea ili sifuri irudi palepale, au mstari wa 41 utaandikwa juu ya wa 40.

Hoja nzito zaidi ni ya mchongaji wa mkono, kwamba mashine inamnyang'anya kazi. Ni kweli inamnyang'anya, ila tazama inamnyang'anya lini. Ua la sabuni linauzwa kwa jina la nakshi ya Zanzibar na kwa bei ya chini ya nakshi hiyo. Hapo mashine inashindana naye kwa kitu chake na kukishusha hadhi. Paneli ya mawimbi haishindani naye, kwa sababu hajawahi kuiuza. Kuna hata njia ya kuwaunganisha: mashine ichonge uwanda wa matuta na iache kisiwa laini katikati, mchongaji amalizie ua moja kwa patasi, lenye kona na vivuli vyake. Ua moja la mkono juu ya uwanda wa mashine humgharimu mteja kidogo kuliko paneli nzima ya mkono, na mchongaji analipwa kwa kile ambacho biti haiwezi. Jambo moja lisemwe waziwazi kwa mnunuzi: lipi limefanywa na nani.

Pingamizi ambalo halina jibu zuri ni vumbi la nyumbani. Mifereji hukusanya, na jikoni hukusanya mafuta juu ya vumbi. Usiweke matuta kwenye milango ya makabati iliyo karibu na jiko, wala kwenye uso wa meza ya chakula. Pembeni mwa ngazi, kichwa cha kitanda, paneli ya mapokezi au ubavu wa kaunta ni mahali pake. Hata huko, mfereji mpana wa biti ya milimita 12 husafishika kwa kitambaa, ilhali wa V huhitaji brashi, nawe umwambie mteja hivyo kabla hajalipa.

Imebaki kupaka. Vanishi nzito iliyomiminwa kwa ukarimu hujaza kwa nusu saa kile ambacho mashine ilichimba kwa robo saa. Milimita 0.4 si kina cha kuchezea. Tumia mafuta, au vanishi iliyozimuliwa kwa mikono miwili miepesi, na usipige msasa wa karatasi juu ya matuta kati ya mkono na mkono. Brashi ngumu ya nailoni inatosha. Pitisha kitambaa kwa kufuata mifereji, usiikate, na urudie baada ya dakika 10, maana mafuta hupanda tena kutoka kwenye vinyweleo vya mbao na kulala chini ya mfereji, mahali palepale ulipokuwa umekiwekea kivuli.